Mtungaji Mbele ya Baraza: Habari za Mnyampala wa Ugogo na Nyumba za Vitabu

Watu wengi, wakitajiwa maktaba, hufikiri kwanza juu ya kimya. Humwona mtunza vitabu ameweka kidole midomoni, na watoto wa shule wameinamisha vichwa juu ya meza. Sisi hatukatai ya kuwa kimya kina faida yake. Mtu hawezi kufanya hesabu katika makelele ya soko. Lakini tukizitazama habari za zamani twaona ya kuwa maktaba za watu wote hazikuanzwa kwa kimya. Zilianzwa kwa maneno, na maneno yenyewe yalitoka katika vinywa vya watungaji waliosimama mbele za watu. Katika makala hii twataka kueleza jinsi jambo hili lilivyokuja katika nchi yetu, na kwa nini sisi wa Dodoma, tukaao Makole na mitaa iliyo kandokando yake, tuna haki ya kulidai kuliko wengi.

Mwaka wa 1852, katika mji wa Manchester, Uingereza, ilifunguliwa maktaba iliyotunzwa kwa kodi ya mji, ili mtu ye yote apate kuingia bure, hata mfanya kazi wa kiwanda cha pamba. Siku ya kufunguliwa waliitwa watungaji mashuhuri wa wakati ule. Charles Dickens alisimama akasema. Naye William Thackeray, bingwa wa kuandika, alisimama akaanza, maneno yakampotea, akaketi kabla ya kumaliza. Jambo hili dogo twalipenda sana. Mtu aliyemwona Thackeray siku ile alijua ya kuwa vitabu hutungwa na binadamu, wala si vitu vilivyoshuka vimekwisha kujalidiwa.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine, kwani baraza ilikuwapo zamani, bali kitabu ndicho kilichokuwa mgeni. Katika Ugogo habari za ukoo, na za watemi, na za miaka ya njaa, zilitunzwa katika vifua vya wazee, na nyingine katika nyimbo ziimbwazo kwa zeze, au kwa ngoma ya muheme ipigwayo na wanawake. Msemaji alikuwa na wasikiaji wake mbele yake. Akikosea jina la babu wa mtu, alisahihishwa pale pale. Wamisionari wa Kanisa la Uingereza walipofika Mpwapwa mwaka wa 1876, na reli ilipofika Dodoma mwaka wa 1910, maandiko yaliingia katika nchi ambayo tayari ilikuwa na desturi ya kusikiliza kwa makini na kujibu.

Magazeti nayo yaliifuata desturi hiyo. *Msimulizi* wa misioni ya UMCA ulianza Unguja mwaka wa 1888, na *Mambo Leo* la serikali ya Tanganyika likaanza Dar es Salaam mwaka wa 1923. Wenye kujua kusoma walikuwa wachache, basi gazeti moja lilisomwa na mmoja kwa sauti, na wengine wakasikiliza. Tena katika kurasa za *Mambo Leo* washairi walijibizana. Mmoja wa Tanga alitoa fumbo, mwingine aliye mbali akalifumbua mwezi wa pili au wa tatu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka wa 1909, alijulikana kwa wasomaji wa nchi nzima kwa njia hiyo kabla hajawa na vitabu vingi. Ilikuwa baraza, ila majibu yake yaliletwa na posta.

Baada ya vita ya pili ya dunia zilikuja juhudi za kuwapatia watu vitabu. Mwaka wa 1948 ilianzishwa ofisi iitwayo East African Literature Bureau, makao yake makuu Nairobi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Charles Richards, ambaye mbele ya hapo alisimamia duka la vitabu la misioni ya CMS katika mji huo huo. Ofisi hii ilifanya kazi mbili. Ilipiga chapa vitabu vya watungaji wa Afrika Mashariki, na ilipeleka masanduku ya vitabu mashuleni na kwenye nyumba za maendeleo, tena iliazima vitabu kwa posta kwa watu waliokaa mbali na miji. Sanduku lilikuwa msaada mkubwa, wala hatulidharau. Lakini sanduku halisemi. Msomaji alipolifungua alikuta majina ya watungaji juu ya majalada, na kwake yeye majina hayo yalikuwa kama majina ya marehemu.

Hata hivyo katika masanduku hayo kilikuwamo kitabu kimoja ambacho mtungaji wake alikuwa jirani yetu. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka wa 1917 huko Ihumwa, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, penye njia iendayo Dar es Salaam. Mwaka ule haukuwa mwaka mwema wa kuzaliwa. Majeshi ya Wadachi, na nyuma yao majeshi ya Waingereza, yalikuwa yamepita Ugogo yakichukua ng'ombe na nafaka, na kuwakamata vijana wawe wapagazi. Kisha mvua zikakosa. Ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, nayo ilidumu hata kuingia mwaka wa 1920. Maelfu ya watu walikufa, na wengine walitawanyika wasirudi tena. Mnyampala alikua katikati ya watu waliookoka katika njaa hiyo. Twadhani mtoto aliyekulia kati ya wazee waliobaki wachache hujifunza mapema ya kuwa mzee akifa huondoka na kitu.

Baadaye alikuwa mtumishi wa serikali, akawa liwali, na tena hakimu. Kazi ya namna hiyo ni kazi ya kusikiliza. Mashauri ya mipaka, ya mahari na ya urithi huanza na nasaba: fulani ni mwana wa nani, na babu yake alitoka wapi. Mwaka wa 1954 kitabu chake *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika* kilipigwa chapa na ile ofisi ya Nairobi. Humo zimo habari za chimbuko la Wagogo, na za koo na watemi, na desturi za ndoa, za mazishi na za kuomba mvua. Aliandika kwa Kiswahili, wala si kwa Kigogo, maana alitaka Mgogo asomwe na jirani zake wote katika Tanganyika.

Hapa pana jambo linalotusumbua. Mwaka wa 1995 kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza huko Marekani, kikiwa na maelezo ya mwana historia Gregory Maddox. Mwanafunzi wa chuo kikuu huko ng'ambo aweza kukitaja katika insha yake. Je, vijana wangapi wa Makole wamekwisha kukishika mikononi? Ihumwa si mbali. Mtu huondoka Makole asubuhi kwa gari akafika kabla jua halijawa kali. Lakini jina la mtu wa Ihumwa aliyewaandika wazee wetu lajulikana zaidi kwa wataalamu wa lugha kuliko kwa watoto wapitao barabara ile ile.

Turudi katika habari za maktaba. Mwaka wa 1960 mtaalamu Sidney Hockey alitoa taarifa yake juu ya maktaba za Afrika Mashariki, akishauri kila nchi iwe na mpango wake wa maktaba za watu wote. Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru ilitunga sheria mwaka wa 1963 ya kuunda Bodi ya Huduma za Maktaba, na mwezi wa Desemba 1967 Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Baada yake zilifuata maktaba za mikoa, na Dodoma ikapata yake. Mwaka ule wa 1967, kwa hesabu za serikali, watu wazima kama 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Basi nyumba kubwa ya vitabu ilifunguliwa katika taifa ambalo walio wengi hawakuweza kusoma hata kibao cha mlangoni. Wengine waliona ni kichekesho. Sisi twaona ulikuwa ujasiri, maana hesabu hiyo hiyo ilipofanywa tena mwaka wa 1986 wasiojua walikuwa kama 10 tu katika 100.

Katika miaka hiyo hiyo Mnyampala alikuwa akitafuta njia ya kumfikia mtu asiyejua kusoma. Alikuwa mkuu wa chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mwaka wa 1968, Rais alipowaita washairi na kuwaomba walieleze Azimio la Arusha kwa watu, Mnyampala aliitikia kwa ngonjera. Ngonjera ni shairi la watu wawili au zaidi wanaojibizana mbele ya hadhara. Hawasomi katika karatasi. Wameyashika maneno kwa moyo, nao husema kwa mikono na kwa uso kama watu waliomo katika mabishano ya kweli. Tungo hizi zilienea mashuleni na katika mikutano ya hadhara, hata leo hakuna sherehe ya shule inayokwisha bila ngonjera, ijapokuwa watoto wanaozisema hawajui zilianzia wapi. Mwenyewe Mnyampala alifariki mwaka wa 1969. *Ngonjera za UKUTA*, kitabu cha kwanza, kilitoka mwaka wa 1970, na cha pili mwaka wa 1971. Hakukiona hata kimoja.

Twajua ya kuwa wako wataalamu wasiozipenda ngonjera hizo. Husema zilikuwa tarumbeta ya siasa, na ya kuwa ndani yake yule aulizaye hushindwa kila mara, hukubali, hushukuru, na wote wawili hutoka wakiwa na neno moja. Neno lao lina ukweli. Na hapa Dodoma ukweli huo una uzito zaidi, kwa maana katika miaka ya 1970 na 1971 ilifanywa Operesheni Dodoma, na watu waliokaa wametawanyika na mifugo yao wakahamishiwa katika vijiji. Katika ngonjera kijiji kilisifiwa na kila aliyekuwa na shaka akaridhika. Katika Ugogo wenyewe walikuwapo walioridhika, na walikuwapo pia walioacha mapagaa, zizi na makaburi ya wazazi wao kwa uchungu. Hao wa pili hawakupewa ubeti.

Lakini kosa hilo, tukilitazama vizuri, si kosa la umbo la ngonjera. Umbo lenyewe ni zuri: mmoja asema, mwingine ajibu, na watu wasikia pande mbili. Kilichopungua ni kwamba majibu yaliandikwa na mkono ule ule ulioandika maswali. Mtu wa pili wa kweli hakuwapo. Na mahali ambapo mtu wa pili wa kweli aweza kupatikana ni katika nyumba ya vitabu, pale mtungaji, au msomaji anayesoma badala ya mtungaji aliyekufa, anaposimama mbele ya watu wasiopewa maneno ya kusema. Akisoma ubeti wa kusifu vijiji, bibi aliyehamishwa akiwa msichana aweza kuinuka akasema, "Mwanangu, haikuwa hivyo kwetu." Mwingine aweza kusema ya kuwa shule na kisima alivipata kwa sababu ya kuhamishwa. Hapo ngonjera imekamilika kwa mara ya kwanza.

Mambo ya namna hii si ndoto. Huko New York, katika mtaa wa Harlem, palikuwa na tawi la maktaba katika barabara ya 135. Mwaka wa 1920 tawi hilo lilipewa msimamizi, Ernestine Rose, aliyetazama watu waliomzunguka akaona ni Waamerika wenye asili ya Afrika, akaifungulia milango mikutano yao, maonyesho yao na washairi wao. Vijana walisoma humo mashairi ambayo hayajawa vitabu bado, na Countee Cullen alikuwa mmoja wao. Mwaka wa 1926 maktaba ile ilinunuliwa mkusanyo wa Arturo Schomburg, mtu aliyetumia maisha yake akitafuta vitabu na maandiko ya watu weusi, kwa sababu, yasemekana, aliambiwa utotoni ya kuwa watu wake hawana historia. Mkusanyo huo ukawa msingi wa maktaba maarufu ya Schomburg. Twaona mpango ulivyokuwa: kwanza waliingia watu wenye kusema, kisha maandiko yakapata mahali pa kukaa.

Na karibu nasi zaidi, Nairobi, maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka wa 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao hata mwaka wa 1958. Mwafrika aliweza kulifagia jengo, asiweze kuazima kitabu. Baada ya kuwa mali ya mji ilizeeka, na paa na rafu zikachakaa. Mwaka wa 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, waliunda shirika la Book Bunk ili kuitengeneza pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Walianza na yale matawi ya mitaani, kabla ya jumba kubwa lenye nguzo, nao wakaleta mazungumzo na watungaji, michezo, na visa kwa watoto. Kwa maoni yetu walichagua vema. Jumba lenye nguzo humtisha mtu. Tawi la mtaani humwita kwa jina.

Sasa Dodoma imekuwa kubwa. Mwaka wa 1973 iliamuliwa iwe makao makuu, lakini kwa muda mrefu neno hilo lilikaa katika makaratasi. Serikali ilihamia kweli baada ya mwaka wa 2016, na mwaka wa 2018 mji ukapewa cheo cha jiji. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2022 ilipata zaidi ya watu laki saba katika jiji. Wengi wao ni wageni, watumishi waliotoka Dar es Salaam na kwingineko, ambao Ugogo kwao ni vumbi na zabibu. Hao ni wasomaji ambao Mnyampala aliwaandikia, ingawa hakupata kuwaona: Watanzania wasio Wagogo, wenye Kiswahili. Wala hatuna haja ya kutafuta sana watu wa kuja kusema. Huko Chamwino hufanywa tamasha la muziki wa Wagogo, na wapigaji wa zeze na wanawake wa muheme wanaokusanyika huko wangeweza kupanda gari siku moja wakaja mjini, wakakaa kati ya rafu za vitabu.

Ila tuna shauri moja kwa wale watakaopanga mikutano ya namna hiyo, nalo ni juu ya utaratibu. Mara nyingi mgeni huitwa, hupewa kiti cha mbele, viongozi husema kwa saa nzima, mtungaji hupewa dakika kumi, kisha soda hugawanywa. Kitabu chenyewe hakipo, si kwenye meza wala kwenye rafu. Mkutano wa namna hiyo ni harusi isiyo na bibi arusi. Yafaa kitabu kitangulie, angalau nakala kumi, mwezi mmoja kabla, wakipewa walimu na wanafunzi na wazee wachache wenye macho mazuri. Na wale wasiosoma wasomewe, kama *Mambo Leo* lilivyosomwa. Hapo mtungaji akifika atakuta watu wenye maswali yao, naye hatapata nafasi ya kulala juu ya sifa.

Na kama watauliza waanze na kitabu gani, kiko kimoja kilichosahaulika. Mnyampala aliandika habari za maisha yake mwenyewe, akaziita *Maisha ni Kugharimia*. Maandiko hayo yalikaa bila kupigwa chapa hata mwaka wa 2013, miaka 44 baada ya kufa kwake, yalipotolewa kwa kazi ya mtaalamu Mfaransa, Mathieu Roy. Yamo humo maneno ya mtu wa Ihumwa juu ya nafsi yake, kwa Kiswahili chake, bila mkalimani. Msomaji wa kwanza aweza kuwa kijana ye yote wa shule aliye na sauti ya kusikika hata kiti cha nyuma, na wa kumjibu waitwe kutoka Ihumwa.